Mapigano ya mikono mitupu katika Dungeons & Dragons: niongeze nini bila kuharibu mchezo?

Msimamizi wa Meza (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Ninasimamia kampeni (kisa kirefu cha vikao vingi) ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika na dadu huamua matokeo) kwa kanuni za toleo la tano, zile zilizotoka mwaka 2014, na wahusika wa wachezaji wangu wamefika ngazi ya 5. Mmoja wao ana mpiganaji mwenye Nguvu 18 ambaye kisa chake chote kimejengwa juu ya ngumi: alikuwa mpiga masumbwi wa kulipwa kabla ya kuingia katika maisha ya misafara, na husema wazi kwamba upanga ni wa waoga. Kisa hicho kinanivutia, lakini kanuni haziko upande wake. Ngumi ya mhusika wa kawaida hutoa pointi 1 ya madhara pamoja na nyongeza ya Nguvu (kwa Nguvu 18 ni 4), wala hairushiwi dadu. Kwa huyu wetu hiyo ni pointi 5 kila ngumi inapompata mtu, ilhali mwenzake mwenye Nguvu zile zile na upanga mrefu anarusha dadu ya pande 8 na kuongeza 4, yaani wastani wa 8.5.

Jambo la pili ni ugomvi wenyewe. Kila mara wahusika wanaposhikana mashati na watu katika kilabu cha pombe, tukio huisha kwa njia moja kati ya mbili: ama mtu anapigwa ngumi moja na kuzimia, ama mchezaji mmoja anachomoa upanga na purukushani inageuka mauaji. Sijawahi kupata ule ugomvi wa viti kuruka na meza kupinduka ambao wachezaji wanautazamia.

Naomba ushauri wa chaguo za kuongeza, kwa masharti mawili. Mezani kuna mchezaji mwingine mwenye mtawa, fani ambayo msingi wake ni mikono mitupu, na sitaki aone amenyang'anywa nafasi yake. Tena, sitaki kurasa nne za kanuni mpya ambazo hakuna atakayezikumbuka.

Dadu ya Ishirini

Ndugu mleta mada, umeuliza maswali mawili ndani ya moja, na nadhani ugumu wako unaanzia hapo. Mhusika anayetaka kupigana kwa ngumi katika kila pambano, dhidi ya mazimwi na mifupa inayotembea, ni suala la ujenzi wa mhusika. Ugomvi wa kilabuni ni suala la namna ya kuendesha tukio. Dawa ya la kwanza haitibu la pili.

Kwa la kwanza huhitaji kubuni chochote. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kina mtindo wa kupigana bila silaha ambao mpiganaji anaweza kuuchagua. Ngumi yake inakuwa dadu ya pande 6 pamoja na nyongeza ya Nguvu, na inakuwa ya pande 8 iwapo hana silaha wala ngao mkononi. Piga hesabu: pande 8 na kuongeza 4 ni wastani wa 8.5, sawasawa na ule upanga mrefu. Isitoshe, mwanzoni mwa kila zamu yake anaweza kumtia mtu aliyemkamata madhara ya dadu ya pande 4 bila kupoteza tendo lolote.

Kuhusu mtawa, usiogope ukubwa wa dadu. Ni kweli kwamba mtawa wa ngazi ya 5 anatumia dadu ya pande 6, ambayo ni ndogo kuliko ya mpiganaji huyu, na haifikii pande 8 hadi ngazi ya 11. Lakini fahari ya mtawa haimo katika uzito wa pigo moja. Imo katika wingi wa mapigo, mbio zake, na lile pigo la kuduwaza analolipata ngazi hiyo hiyo ya 5. Ngazi ya 6 ngumi zake zinaanza kuhesabiwa kuwa za kichawi, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa sababu viumbe wengi wa kanuni za 2014 hupunguziwa nusu ya madhara ya mapigo yasiyo ya kichawi. Mpiga masumbwi wako hana faida hiyo. Mapema au baadaye itakubidi umpe glavu au bendeji zenye uchawi, la sivyo atabaki akipapasa wakati wenzake wanakata. Watunzi wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, waliliona hilo, na toleo lao la pili, la mwaka 2019, lina vitambaa vya kufunga mikononi vinavyobeba uchawi ule ule ambao wengine huuweka kwenye upanga.

Kipo pia kipawa cha mgomvi wa kilabuni katika kitabu cha msingi. Ngumi inakuwa dadu ya pande 4, mhusika anakuwa na umahiri wa silaha za kuokota, na akishampata mtu kwa ngumi au kwa kiti anaweza kumkamata kwa tendo la ziada. Mimi ningempa mchezaji mtindo wa kwanza, nikamwachia kipawa hiki aamue mwenyewe akifika ngazi ya kuchagua.

Kwa suala la pili, tazama takwimu za raia wa kawaida katika kitabu cha viumbe: ana pointi 4 za uhai. Ngumi ya mhusika wako bila kipawa wala mtindo wowote ni pointi 5. Kwa hiyo ugomvi unaisha kwa ngumi moja kwa sababu hesabu yenyewe imeamua hivyo, na ukiongeza uzito wa ngumi utazidi kuufupisha.

Kabali na Ngwala

Nakubaliana na Dadu ya Ishirini, lakini naona amepita haraka mno penye utamu. Mhusika wa mikono mitupu akishindana na upanga kwa wingi wa madhara atakuwa amechagua uwanja wa adui. Nguvu yake halisi iko katika kukamata na kubwaga, na mchezaji wako huenda hajatambua kwamba chaguo hizo tayari zimo katika kanuni.

Chukua mpiganaji huyo huyo wa ngazi ya 5 mwenye Nguvu 18 na umahiri wa Riadha, yaani nyongeza ya 7 (4 ya Nguvu na 3 ya umahiri), mbele ya zimwi. Zimwi lina pointi 59 za uhai, kinga ya 11 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate) na rungu la wastani wa pointi 13, nalo halina umahiri wa Riadha, hivyo linategemea nyongeza yake ya Nguvu, 4, peke yake. Mpiganaji ana mashambulio mawili kwa zamu, na kila moja anaweza kulibadilisha kuwa jaribio la kukamata au la kusukuma. Kwa shambulio la kwanza analisukuma zimwi lianguke. Wote wawili wanarusha dadu ya pande 20, na kwa tofauti ya 3 uwezekano wake wa kushinda ni karibu asilimia 62. Kwa la pili analikamata hapo hapo chini, kwa uwezekano ule ule.

Kiumbe aliyekamatwa mwendo wake ni sifuri, na kuinuka kunagharimu nusu ya mwendo. Asiye na mwendo haamki. Zimwi linabaki sakafuni, kila anayelipiga kwa karibu anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, nalo likipiga linarusha mbili na kuchukua ndogo. Ili lijinasue lazima litumie tendo lake zima, maana yake zamu hiyo rungu halifanyi kazi. Mpiganaji hajatoa hata pointi moja ya madhara na tayari amebadilisha pambano.

Kuna gharama, na ni vizuri uzijue mapema. Uwezekano wa kufaulu mara mbili mfululizo katika zamu moja ni kama asilimia 38 tu, kwa hiyo mara nyingi kazi hii itachukua zamu mbili. Mpiga mishale wa kikundi atalalamika, kwa sababu anayelenga kutoka mbali dhidi ya aliyelala chini ndiye anayerusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Huwezi kumkamata aliyekuzidi zaidi ya hatua moja ya ukubwa, hivyo joka kubwa litaendelea na shughuli zake. Na sharti uwe na mkono mmoja mtupu, jambo ambalo kwa mpiganaji wako si tatizo hata kidogo, huku kwa mwenye upanga na ngao likiwa tatizo kubwa.

Hapo ndipo ningeongeza kanuni zangu, tena mbili pekee. Ya kwanza: aliyekamatwa akimshambulia mtu mwingine badala ya aliyemkamata, arushe dadu mbili na kuchukua ndogo. Kanuni mpya za mwaka 2024 zimeliweka hilo rasmi, na linampa mkamataji kazi ya maana ya kuwakinga wenzake. Ya pili: anayemkamata mtu kwa mikono yote miwili anaweza, zamu inayofuata, kuomba jaribio jingine la kumpiga kabali, akishinda, aliyekabwa hawezi kupaza sauti wala kutamka maneno ya uchawi mpaka ajinasue. Mchawi wa adui ataanza kuogopa watu wasio na silaha, na hiyo ni heshima ambayo mpiga masumbwi wako hajawahi kuipata.

Mzee wa Kanuni

Wandugu, kabla hamjaongeza kitu, kumbukeni mchezo huu umetoka wapi. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979, alichokiandika Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, kilikuwa na mifumo mitatu tofauti ya mikono mitupu, mmoja wa kupiga, mmoja wa kukamata na mmoja wa kumwangusha mtu kwa uzito, yote kwa dadu za asilimia na marekebisho ya kila namna. Mfumo huo ulijulikana kwa jambo moja, nalo ni kwamba watu waliukwepa. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuja na kosa la aina nyingine: asiye na mafunzo akirusha ngumi kwa mtu mwenye silaha, mwenye silaha anapata nafasi ya kumpiga kwanza bure, na ngumi yenyewe ni dadu ya pande 3 ya madhara yasiyoua, yanayohesabiwa pembeni ya pointi za kawaida za uhai. Kukamata kulihitaji mfululizo wa majaribio, kuanzia kumgusa mpaka kumdhibiti. Matokeo yake ni kwamba mchezaji alipotamka neno "namkamata", mezani kulisikika mguno na vitabu vikafunguliwa.

Kwa hiyo kila chaguo mnaloongeza lipimwe kwa swali moja: je, linaamuliwa kwa kurusha dadu mara moja? Kanuni za 2024 zimepiga hatua nzuri hapa. Pigo la mikono mitupu lina njia tatu, ambazo ni kuumiza, kukamata au kusukuma. Kwa njia ya kukamata na ya kusukuma mshambuliaji harushi chochote. Mlengwa ndiye anayejaribu kujinusuru kwa Nguvu au Wepesi, kwa kipimo cha 8 pamoja na nyongeza ya Nguvu na ya umahiri ya mshambuliaji. Kwa mpiganaji wenu hicho ni kipimo cha 15. Dadu moja, jibu moja, tunaendelea. Ningemshauri mleta mada achukue sehemu hiyo peke yake na kuiingiza katika meza yake ya 2014, hata kama hataki kuhamia toleo jipya zima.

Pathfinder ya mwaka 2019 nayo ina funzo, ingawa kwa ladha yangu imezidi mafungu. Humo kukamata na kusukuma hupimwa kwa uthabiti wa mwili wa mlengwa, kupiga ngwala na kumpokonya mtu silaha hupimwa kwa wepesi wake, na anayeshindwa vibaya kupiga ngwala anaanguka yeye mwenyewe. Hilo la mwisho nalipenda, kwa kuwa linamfanya mtu afikiri kabla ya kuruka.

Jambo jingine ambalo hamjaligusa ni mavazi ya chuma. Mnalinganisha ngumi na upanga kana kwamba wote wanapigana na watu waliovaa shati. Katika mafunzo ya mapigano ya Ulaya ya karne za kati, mieleka haikuwa mchezo wa pembeni. Fiore dei Liberi, mwalimu wa Kiitalia aliyeandika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 15, alianza na mieleka, kisha jambia, ndipo akaja kwenye upanga. Mtu aliyevaa chuma mwili mzima haumizwi na ngumi, na hata upanga unahangaika kumpata. Anabwagwa, anakaliwa, kisha inatafutwa nafasi ya kupenyeza jambia. Toleo la tano linalieleza hili vizuri bila kujitangaza, kwa kuwa kinga ya 18 ya vazi kamili la chuma haihesabiki kabisa mtu anapokamatwa au kusukumwa. Mwambieni mpiga masumbwi aache kupiga mabati na aanze kuyabwaga.

Msimamizi wa Meza (mleta mada)

Nashukuruni sana. Suala la mhusika naona limepata jibu: mtindo wa 2020, kukamata kwa njia ya 2024, na kabali ya Kabali na Ngwala. Bendeji za kichawi nitaziweka katika hazina ya pango linalofuata.

Bado ugomvi wa kilabuni. Mzee wa Kanuni anasema dadu moja, jibu moja, nami nakubali, lakini ikiwa raia wa kawaida, tuseme mpagazi, ana pointi 4 za uhai na ngumi sasa ni 8.5, ugomvi utakuwa mfupi kuliko zamani. Nikiwapa wapagazi pointi nyingi za uhai, nitakuwa nimejaza kilabu mashujaa. Nifanyeje?

Bibi Hesabu

Usiguse pointi za uhai. Ziache kwa mambo ya kufa na kupona, na ugomvi upe kipimo chake kidogo, ambacho mimi hukiita pumzi.

Kila mhusika mwenye jina ana pumzi 3 pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu. Ngumi, teke, kiwiko au kichwa kikimpata mtu, kinaondoa pumzi 1, bila kujali dadu ya madhara. Dadu ikionyesha 20, zinaondoka 2. Kiti, mtungi au benchi huondoa 2 kisha kinavunjika, na huwezi kukitumia tena. Aliyebwagwa na kukamatwa kwa pamoja hupoteza 1 mwanzoni mwa kila zamu ya aliyemkalia. Pumzi zikiisha umetoka katika ugomvi: umezimia, umekimbia au umenyoosha mikono, chagua mwenyewe. Baada ya mapumziko mafupi zinarudi zote.

Watu wasio na majina wana pumzi 1. Nimefika hapo kwa hesabu. Mweke mpiganaji wako, aliyevua vazi la chuma na kubaki na kinga ya 12, mbele ya wapagazi wanne wenye nyongeza ya 2 ya kushambulia. Kila mpagazi anampata kwa asilimia 55, hivyo wanne wanamtoa pumzi 2.2 kwa mzunguko. Akiwa na Ustahimilivu 16 ana pumzi 6. Ukiwapa wapagazi pumzi 3 kila mmoja, ataanguka karibu na mzunguko wa tatu akiwa amemmaliza mmoja, na mchezaji atakuuliza ngazi tano zimemfaa nini. Wakiwa na pumzi 1, naye anaanza na kumwangusha mmoja kila zamu, atapokea mapigo ya watatu, kisha wawili, kisha mmoja: 1.65, 1.1 na 0.55. Jumla ni 3.3. Anashinda akiwa amechakaa, na huo ndio ugomvi wenyewe unaoutafuta. Mkuu wa genge mpe jina na pumzi 6, uone mambo.

Kipengele kimoja kinahitaji uangalifu, nacho ni shambulio la pili la wapiganaji wa ngazi ya 5. Ukiliruhusu liwe ngumi ya pili, atawafagia wawili kila zamu na viti vitabaki vimepangwa. Katika ugomvi mimi huruhusu ngumi moja kwa zamu, na shambulio la ziada lazima liwe kitu kingine: kusukuma, kukamata, kunyakua kiti, kumvuta mtu juu ya kaunta, kumwagia mtu bia machoni. Mapigo ya ziada ya mtawa hufuata utaratibu huo huo, naye huwa hodari kuliko wote kwa sababu ana mashambulio mengi ya kugeuza kuwa vituko. Mchezaji wako wa mtawa hatakuwa na malalamiko.

Mzee wa Kanuni

Bibi Hesabu, hesabu yako siipingi, ila umetuongezea kisanduku kingine kwenye karatasi ya mhusika. Toleo la tatu lilikuwa na kisanduku cha madhara yasiyoua, na nimekwisha kusema kiliishia wapi.

Bibi Hesabu

Kile cha toleo la tatu kilitembea sambamba na pointi za uhai katika pambano lile lile, na ulilazimika kulinganisha namba mbili kila ulipopigwa. Pumzi haikutani kamwe na pointi za uhai. Zikitumika hizi, zile zimelala. Tena karatasi haihitajiki. Weka vifungo vya shati mbele ya kila mchezaji, na anayepigwa arudishe kifungo kimoja katikati ya meza.

Kabali na Ngwala

Vifungo nimevipenda, nitaviiba. Lakini lipo tundu ambalo sijaona aliyeliziba, nalo ndilo lililomleta mleta mada hapa: ni nini kinachomzuia mtu kuchomoa upanga? Kwa kanuni za 2014, yeyote anayemfikisha adui kwenye sifuri kwa pigo la karibu anaweza kutangaza kwamba amemzimisha tu, hata kama ametumia shoka la mikono miwili. Basi ngumi haina hata lile fungu la huruma peke yake. Mchezaji mwenye akili atachomoa shoka, atapiga, halafu atasema "nimemzimisha", na kilabu kizima kitalala salama.

Pathfinder inatoza adhabu ya kupunguza 2 kwenye shambulio kwa anayetaka kupiga bila kuua kwa silaha ya kuua. Mimi ningekwenda mbele zaidi: silaha yenye makali au ncha haizimishi, basi. Inajeruhi na inaua. Anayetaka mateka atumie ngumi, rungu au kitako cha mkuki. Kanuni hiyo ni sentensi moja, na inaipa ngumi kazi katika kampeni nzima, si kilabuni pekee, kwa sababu kila mara wahusika wanapohitaji mtu akiwa hai wa kumhoji, macho yatamgeukia mpiga masumbwi.

Dadu ya Ishirini

Hilo la makali naliunga mkono, na linaungana vizuri na pumzi. Makali yakitoka tu, vifungo vinakusanywa, pointi za uhai zinaanza kuhesabiwa, na msimamizi anatangaza kwa sauti nani amechomoa kwanza. Mpagazi mwenye pumzi 1 sasa ni raia mwenye pointi 4 za uhai mbele ya mtu mwenye upanga, mlinzi wa mji yuko mtaa wa pili, na mwenye kilabu ameona kila kitu. Acha mchezaji alielewe hilo kabla hujamwomba arushe dadu.

Msimamizi wa Meza (mleta mada)

Nimechukua yote mawili. Swali la mwisho kabla sijaandika ukurasa wangu mmoja: mchawi wetu ana Nguvu 8. Ugomvi ukianza, yeye afanye nini? Na uchawi wake uhesabiwe kama ngumi au kama upanga?

Bibi Hesabu

Uchawi wowote unaotoa madhara ni upanga uliochomolewa, na matokeo yake ni yale yale aliyoyataja Dadu ya Ishirini. Uchawi usioumiza uruhusu, lakini usiondoe pumzi moja kwa moja. Ule wa kupaka sakafu mafuta, kwa mfano, unaangusha watu katika eneo la futi 10 kwa 10, na kwa meza yangu umewahi kufanya kazi kubwa kuliko ngumi yoyote, kwa sababu kila aliyeanguka alikuwa tayari kwa kukamatwa.

Asipotaka kupoteza nguvu za uchawi, ana tendo la kumsaidia mwenzake: anamwita adui jina, anamvuta shati, anamtupia kofia usoni, na mpiga masumbwi anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mtungi nao hauhitaji Nguvu nyingi. Kwa Nguvu 8, bila umahiri, anarusha dadu ya pande 20 na kupunguza 1. Dhidi ya kinga ya 10 anahitaji kupata 11 au zaidi, yaani nusu kwa nusu, na ukimpata mkuu wa genge unaondoa pumzi 2. Mwache apande juu ya meza, achague mtungi mzito kuliko yote, na asubiri mkuu wa genge ageuke.